Baridi ya Kila Jumamosi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Juma lililopita nilitolewa nje ya chumba cha ekografia kwa sababu yako. Nilikuwa nimemsindikiza Furaha, mjukuu wako, binti yangu wa mwisho, ambaye sasa ana mimba ya kuonekana hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Daktari alimpaka tumboni ile dawa baridi ya utelezi, akapitisha kile kichwa cha mashine, na kioo kikaanza kuonyesha mawingu yake ya kijivu. Watu wote chumbani walinyamaza wamwone mtoto. Mimi nikaanza kucheka. Nilibana midomo, nikajifanya nakohoa, nikaziba uso kwa kitenge. Kicheko kikatokea puani.

"Maman, ni mutoto njo anakuchekesha?" daktari aliniuliza.

"Hapana, docteur. Ni bibi yake."

"Na bibi yake iko wapi?"

"Iko Walungu. Tulimuzika zamani."

Akanionyesha mlango, kwa adabu.

Basi nikakaa kwenye benchi huko nje, kati ya wanawake wenye matumbo, nikakukumbuka tangu mwanzo hadi mwisho. Ulipokuwa hai hukuwahi kuniacha nimalize sentensi hata moja. Leo nitazimaliza zote, na mbele ya watu, kwa maana barua hii naiacha wazi aisome anayetaka.

Nianze na siku mwanao Mugisho aliponileta kwako nikiwa mchumba wake. Ulikuwa umekaa sebuleni, umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ukaniuliza swali moja tu: "Batu ya Bagira banajuaka kupika sombe?" Nikasema ndiyo, Mama. Nikayapika hayo majani ya muhogo. Ukaonja kwa ncha ya ulimi, ukasema, "Iko maji," na habari yangu ikaishia hapo. Kwako wewe, binti wa ukoo mkubwa wa Walungu, msichana aliyekulia kwenye zile nyumba za Bagira zinazofanana kama mapacha alikuwa mtu wa kuvumiliwa tu. Ulipojua kwamba nafundisha darasa la tatu, ukaanza kuniita Mwalimu. Wengine wakiniita hivyo ilikuwa heshima. Mdomoni mwako lilisikika kama jina la ugonjwa wa mifugo.

Halafu ukaugua wewe, ule ugonjwa wa damu, na mwanao mkubwa aliyekuwa akiishi Liège akakuvuta Ubelgiji. Ulikaa huko mpaka tukazoea kula bila kusemwa. Ulirudi umekonda, una kofia ya sufu, na kifuani, chini kidogo ya mfupa wa bega, kulikuwa kumetoka mpira mwembamba mweupe wenye kizibo mwishoni. Sisi sote tuliuita tiyo. Madaktari wa kule walikuwa wameuingiza kwenye mshipa mkubwa, ukashuka hadi karibu na moyo, ili dawa zako za kila mwezi zipitie humo na mishipa ya mikono isiungue. Ulitakiwa kuishi nao mwaka mzima.

Unakumbuka yule askari pale uwanja wa ndege wa Kavumu? Alipopapasa kifua chako akakuta kitu kigumu chini ya kitambaa, macho yakamng'aa. Alidhani amepata dhahabu ya Mwenga.

"Citoyenne, iko nini humo?"

"Unataka kuona?"

"Onyesha!"

Ukafungua vifungo pale pale, mbele ya abiria wote, ukafunua tiyo na bandeji na kila kilichoambatana navyo. Yule kijana alirudi nyuma akamkanyaga mkubwa wake. Hakuna mzigo wetu hata mmoja uliofunguliwa siku ile. Mugisho alitembea hadi kwenye gari akiwa ameinamisha kichwa, na wewe ukatembea mbele yake kama mke wa gavana.

Hospitalini walituambia kwamba dawa kubwa watakuwekea wao kila mwezi, lakini kila juma lazima tiyo ioshwe ndani kwa serumu, yale maji ya chumvi ya hospitali, na dawa ya kuzuia damu isigande, la sivyo itaziba. Mtu mmoja wa nyumbani afundishwe. Ulimtaka Faida, binti yako. Faida alipoona sista akifungua kizibo, alianguka chali, ikabidi awekewe serumu yeye. Mugisho akakumbuka kwamba ana mkutano. Nikabaki mimi.

Sista alinifundisha kwa ukali. Kunawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Sindano mpya. Na kila mara, kabla ya kufungua kizibo, kusugua vizuri kwa alcool, ile spiriti ya hospitali. "Alcool, alcool, alcool," alisema, akigonga meza. Wewe ulikuwa umekaa pembeni unasikiliza kama inspekta wa shule, na njiani kurudi ukanihoji kuona kama nimeshika.

Hivyo Jumamosi zikawa zetu. Nitakwambia jambo ambalo hukuwahi kuliuliza: nilizipenda. Ulikuwa unalala kwenye kitanda chako, umegeuza uso ukutani ili usilazimike kusema asante, na mimi nasukuma serumu polepole huku mvua ikipiga bati na ziwa likiwa halionekani kwa ukungu. Hatukuongea. Lakini ulikuwa unanipa kifua chako, na mtu hampi kifua chake adui. Ndivyo nilivyojiambia. Mara moja hata ulisinzia. Ulipoamka ulikana.

Kisha akafa kaka yako wa Walungu, ukaenda kwenye matanga. Mugisho alikukataza, mimi nilikukataza, hospitali ilikukataza. Ukapanda gari. Nilikufungia begi lenye sindano na serumu, nikakuandalia na chupa ndogo ya alcool, nikakuomba uende kwenye dispensari ya misheni wakuoshee huko. Ukasema, "Mwalimu, mie siko mutoto ya darasa la tatu." Ulirudi baada ya matanga kwisha, umechoka ila una furaha, umeleta ndizi na maharage na habari za kila mtu.

Jumamosi iliyofuata nikakuosha tiyo kama kawaida. Nilikuwa bado naifunga bandeji uliposema unasikia baridi. Nikakufunika. Kabla chai haijapoa ulikuwa unatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, na jirani akagonga kwa upande wake akidhani tunamwita. Tulikurundikia mablanketi, mazulia, na koti la Mugisho. Halafu homa ikapanda, ukaongea na marehemu mumeo, ukamgombeza. Jioni jasho likatoka na ukaomba ugali.

Malaria, kila mtu akasema. Ukanywa kinini mpaka masikio yakavuma. Siku za katikati ulikuwa mchovu tu. Jumamosi ikafika, nikaosha tiyo, na kitanda kikagonga ukuta tena. Ukanywa kinini nyingine. Jumamosi ya tatu, nilipoingia na trei yangu, ulinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Uliniacha nifanye. Ulikuwa unanichunguza. Na ulipoanza kutetemeka, katikati ya meno yanayogongana, ulimwita Faida ukasema maneno yaliyonifanya niangushe trei:

"Ile siku Mwalimu ananigusa, njo siku minakufa. Ule muke ananiwekea karuho."

Karuho, ile sumu ya polepole. Katika mji wetu neno hilo halitamkwi kwa mchezo. Mtu akishatajiwa karuho, hata maji yake hayanywewi tena. Nilikuwa nimeolewa kwa harusi ya kanisa, nina mtoto anayetambaa, na sasa nilikuwa muuaji.

Jumapili baada ya misa familia ilikaa. Tonton Cishugi, shemeji yako, ndiye aliyeendesha kikao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na abakosti, ile suti isiyo na tai, nzuri kuliko zote. Uliketi kwenye kiti kikubwa umezungushiwa blanketi. Mimi niliwekwa kwenye kigoda karibu na mlango. Mume wangu alikaa katikati, akitazama viatu vyake kama mtu anayetafuta mahali vilipopasuka.

"Tuko hapa juu ya ukweli," Tonton alianza, akiiita Jumamosi siku ya posho kama wazee wote. "Maman anasema siku ya posho anaguswa, siku ya posho anakufa. Siku ingine hapana. Mwalimu, unajibu nini?"

"Ninaweka serumu ya hospitali, Tonton. Chupa iko pale."

"Sumu haina rangi," alisema Tonton, na wote wakatikisa kichwa kana kwamba wamewahi kuiona.

Faida alilia. Alinihurumia, lakini alikuhurumia wewe zaidi, na simlaumu. Hatimaye Tonton akatoa shauri: nirudi kwetu Bagira kwa muda, "mpaka tuone." Sote tulijua mwanamke akirudishwa kwao kwa neno kama lile haonwi tena.

Nilimtazama Mugisho. Akafungua mdomo, akakutazama wewe, akaufunga. Basi nikasimama mwenyewe.

"Sitoki," nikasema. "Kesho tuende kwa docteur, sisi wote. Aangalie mu tiyo. Akipata sumu, nitabeba kitanda changu mwenyewe mpaka Bagira."

"Kitanda iko ya mutoto yangu," ulisema kutoka ndani ya blanketi.

"Basi nitaacha kitanda!"

Hapo ndipo Mugisho aliposimama. Alisimama vibaya, akaangusha glasi, lakini alisimama. "Kesho tunaenda," akasema. "Na kama Nsimire anatoka hapa, mie pia ninatoka." Ulimtazama mwanao kama vile ameanza kuongea Kichina.

Jumatatu asubuhi tukapanda hadi hospitali: wewe, mimi, Mugisho, Faida, na Tonton kama shahidi. Daktari alikuwa kijana aliyekuja kutoka Kisangani, mwembamba, mwenye uvumilivu. Alikusikiliza ukinishtaki kwa urefu. Halafu akauliza jambo moja: baridi inaanza muda gani baada ya tiyo kuoshwa? Nikamwambia habari ya chai isiyopoa. Akaacha kuandika.

"Maman, hii inanitia wasiwasi," alisema. "Inawezekana microbe zimeingia ndani ya tiyo. Zinakaa humo kimya. Akisukuma serumu, anazisukuma mu damu, na mwili unatetemeka. Si serumu. Ni kile ambacho serumu inakikuta njiani."

Alisema kwingine wangeotesha damu maabara wakaona microbe yenyewe, lakini maabara yetu ilikuwa imeishiwa na vya kuoteshea tangu zamani. Ilibaki kutazama kwa mashine.

Kwanza ilikuwa radio ya kifua, yaani picha ya eksirei. Daktari aliinua picha ikiwa bado inadondosha maji, akaiweka kwenye kioo cha dirisha. Tuliona mbavu zako, na kati yake uzi mweupe ukishuka kwa upole hadi kwenye kivuli cha moyo. Tiyo ilikuwa mahali pake, haikukatika wala kujikunja.

"Na sumu iko wapi?" Tonton aliuliza, amevaa miwani.

"Hizi ni mbavu, Papa."

Halafu tukaingia kwenye chumba cha ekografia. Mashine ilikuwa zawadi ya parokia moja ya Ulaya, mpya bado, nayo ilifunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa maua, kama televisheni ya mtu tajiri. Daktari alikunja kitambaa kwa heshima. Akatafuta ile dawa ya utelezi. Imekwisha. Akafungua kabati, akafungua jingine. Akatugeukia, aibu imemjaa.

"Kuna mtu ana mafuta? Ya aina yoyote. Bila kitu cha kuteleza mashine haioni."

Faida alikuwa ametokea soko la Kadutu asubuhi ile. Akatoa kikapuni chupa ya mawese.

Sijasahau sura yako, Mama. "Mafuta ya mboga? Pa kifua yangu?"

"Ni safi, Maman," alisema Faida. "Nilichagua mwenyewe."

Bandeji ikafunikwa vizuri, ukapakwa mawese shingoni, chini ya mfupa wa bega na katikati ya kifua, ukawa mwekundu unang'aa kama kuku anayesubiri moto. Chumba kikanukia jikoni. Tonton akasema tangu asubuhi hajala kitu. Daktari aliwasha mashine, kioo kikawaka, akaweka kile kichwa cha mashine shingoni mwako, na umeme ukakatika. Tukakaa hapo kwenye nusu giza, wewe ukidondosha mawese kwenye shuka ya hospitali. Kisha ukasema polepole, "Mungu, kama unataka kunichukua, usinichukue hivi." Daktari aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Umeme uliporudi, hakuna aliyecheka tena. Kioo kilionyesha mawingu, na ndani ya mawingu kitu cheusi kirefu. "Huu ni mshipa," daktari alisema. Ndani yake kulikuwa na mistari miwili inayong'aa, sambamba: tiyo yako. Na kuizunguka tiyo kulikuwa na donge la kijivu lililoshikamana nayo. Akashuka hadi kifuani, akatafuta sana, akakuambia ushike pumzi. Moyo wako ukatokea, ukifungua na kufunga. Hata Tonton alivua kofia. Na pale kwenye ncha ya tiyo kulikuwa na kitu kidogo kinachopunga, huku na huku, kwa kila pigo la moyo, kama mkia wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Iko muzima?" ulinong'ona.

"Hapana, Maman. Ni damu iliyogandia kwenye tiyo. Mashine haioni microbe. Inaona nyumba yao tu. Lakini nikiiona nyumba kama hii, na ile baridi yako, sihitaji kungoja. Tiyo lazima itoke. Kipande kile kikikatika, kitaenda kwenye mapafu."

"Kwa hiyo mashine haiwezi kusema kama iko sumu ao haiko," Tonton alisema. Alikuwa ameshika hoja yake kama mfuko sokoni.

Daktari akavuta pumzi. "Niambieni kwanza. Nani amefungua tiyo hii?"

Macho yote yakanigeukia. Nikaeleza kila kitu: mikono, sindano, alcool, kizibo. Nilieleza huku nataja kila hatua kwa vidole, kwa sababu nilipokiona kile kimkia kikipunga nilijiuliza kama kweli ni mimi. Daktari akatikisa kichwa, haoni kosa. Akakuuliza wewe: "Na kule Walungu, Maman? Nani alifungua?"

Hapo ukafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu niolewe. Ulianza sentensi, hukuimaliza.

"Batu batoke," ulisema hatimaye. Nilipogeuka nitoke na wengine, mkono wako wenye mawese ukanishika kitenge. "Wewe bakia."

Mlango ulipofungwa, ulitazama dari.

"Kule kwa matanga, siku ya posho ilifika. Dispensari ilikuwa mbali, na mvua. Nikajifungulia mwenyewe. Nikaweka serumu vile naonaka Mwalimu anafanya."

"Na kizibo ulisafisha na nini?" daktari aliuliza.

"Na alcool."

"Ile chupa niliyokupa?" nikauliza.

"Ile ilimwangika mu gari." Ukameza mate. "Nilisafisha na kasiksi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kasiksi. Ile pombe ya ndizi."

"Si mulisema alcool? Kasiksi haiko alcool? Na ilikuwa nzuri, haikuwa ile ya kuuza. Niliionja kwanza, nione kama iko na nguvu."

Daktari alijitahidi sana, Mama, nakuapia. Alikuambia kwa sauti ya upole kwamba hawezi kuapa ni kasiksi, lakini pombe ile ni nyepesi na ina sukari, na kwamba microbe zilizoingia siku ile zilikaribishwa kwenye matanga zikapewa na kinywaji. Kisha akaomba radhi, akaenda kusimama dirishani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyokaa kwenye kile kigoda karibu na mlango. Na wewe ulijua. Uligeuza kichwa ukanitazama, si ukutani safari hii.

"Docteur," ulisema, "usiwaambie. Sema tu mashine iliona ugonjwa."

"Na mimi, Mama?" niliuliza. "Tonton atasema ni ugonjwa wa karuho."

Ukafuta mkono kwenye shuka, ukavuta blanketi kifuani, ukajinyoosha ukawa tena yule mama wa picha ya kitambulisho. "Fungua mlango."

Waliingia. Ukatangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye korido:

"Sumu haiko. Muke wa Mugisho iko safi, na mutu atakayesema tena ile neno juu yake ataniona. Ni microbe ya Ubelgiji. Ilikuja mu ndege."

Tonton alifurahi kuliko sisi sote. Aliongea juu ya Wabelgiji na kile walichotufanyia mpaka tulipofika kwenye ngazi.

Tiyo ilitolewa siku ile ile, na ulikataa kufungwa macho. Daktari aliivuta polepole, na ilipotoka ncha yake ilikuwa na utelezi wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Ukaomba kuiona, ukaitazama, ukasema, "Njo wewe," kama mtu aliyemshika mwizi wa kuku wake.

Lakini nisikupambe. Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya. Homa ilikataa kushuka, pumzi ikawa fupi, na daktari alikuwa anakuja kukutazama hata muda ambao si wake. Mugisho alisimama koridoni hajui aweke wapi mikono. Nilikuwa nakukanda kitambaa chenye maji kwenye paji la uso uliposema, "Nsimire." Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwako, nikadhani unamwita mtu mwingine.

"Karibu, Mama," niliitika.

"Nikikufa... ile kasiksi... usiseme."

"Hutakufa. Ukijaribu kufa, ninaita Tonton ninamwambia yote."

Ulicheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikohozi, na kilikuumiza, lakini ulicheka huku machozi yanatoka, na mimi nikacheka, na sista akaja kutufokea. Siku iliyofuata homa ikaanza kushuka. Daktari alipokutazama tena kwa mashine, safari hii kwa dawa yake halisi ya utelezi, ule mkia haukuwepo. Moyo wako ulikuwa peke yake, ukifungua na kufunga.

Dawa zako zilizobaki ulizipokea mkononi, kwa maumivu, ukilalamika kila tone. Zikaisha. Ukapona, ukaishi miaka mingi mizuri ya kutusumbua. Msamaha hukuniomba hata siku moja. Ila ulianza kuja jikoni na kukaa kwenye benchi nikipika, husemi kitu, na nikitoka kwenda shuleni unauliza nitarudi saa ngapi. Nilichukua muda kuelewa kwamba hayo ndiyo yalikuwa maneno yako.

Siri yako niliitunza. Hata Mugisho, anayezichukua kurasa kila ninapozimaliza, anaisoma hapa kwa mara ya kwanza, na namsikia toka huku akiita, "Kasiksi?" Nisamehe. Wote waliokuwa kwenye kile kikao wamekwenda, isipokuwa yeye na Faida, na Furaha anastahili kujua bibi yake alikuwa mtu wa namna gani. Mimi pia sasa nina wakwe wangu wawili. Kuna siku nafungua mdomo kusema neno juu ya mapishi yao, halafu naufunga. Si kila siku. Siku nyingine nalisema.

Ulifariki kabla vita havijafika mjini, kitandani kwako, kwa uzee, nashukuru kwa hilo. Tulikupeleka Walungu. Wanawake wa ukoo walikuwa tayari wamechemsha maji na kupanga ni nani atakuosha: binti, dada, mabinti wa kaka. Mimi nilikuwa nimeshika taulo karibu na ukuta. Faida akawaambia, "Hapana. Mama aliacha neno. Alisema ni Nsimire." Wakanung'unika kwamba mkwe si damu. Faida akasema, "Basi mumubishie mwenyewe," na wakakutazama pale ulipolala, na hakuna aliyethubutu.

Wakanipisha. Nilinawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Nikakuosha uso, nikakuosha mikono, nikakuosha kifua, na hakuna mtu aliyeniharakisha.

Pumzika, Mama. Furaha anakusalimu, na mtoto wake anapiga mateke kama mtu mwenye hoja.

Ni mimi, mkwe wako,
Nsimire